Watu wa Mchezo na Zamu Yao Barazani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulifurahia na wachache hulifikiri, nalo ni watu wa mchezo wa kuigiza, ambao walimu wa siku hizi huwaita wahusika. Sote tumekwisha kuona michezo, ama chini ya mti wa shule, ama kanisani wakati wa Krismasi, ama tumeisikia katika redio jioni, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuingia zizini. Na sote tumeona ajabu hii: mtu mmoja wa mchezo husahauliwa kabla hatujafika nyumbani, mwingine twalala naye na kuamka naye, twamjadili kisimani na mnadani, twamlaumu na kumhurumia kana kwamba ni jirani yetu wa Nyamwaga au wa Mugumu. Wote wawili ni watu wa kubuniwa. Kwa nini basi mmoja ana uhai na mwenzake hana?

Jawabu letu ni fupi, nasi tutalieleza kwa njia ya historia. Mhusika hupata uhai pale mwandishi anapompa zamu ya kusema; yaani anapompa sababu ambayo hata adui yake angeweza kuielewa, kisha akamweka mahali ambapo ni lazima achague, na kila atakalochagua litamgharimu. Jambo hili si geni kwetu watu wa Mara. Twalijua tangu zamani, ila hatukulijua kwa jina la sanaa.

Tuanze nyumbani. Katika nchi ya Wakurya lipo baraza liitwalo iritongo, yaani mkutano wa watu wa ukoo au wa kijiji, unaokutana mahali pa wazi kuamua mambo mazito. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilienea mpakani, na wizi wa ng'ombe ukawa wa kumwaga damu. Ndipo katika miaka ya 1980 mabaraza haya yalipopata nguvu mpya, watu wakakutana kuwataja wezi na kuwahukumu. Hatusemi kwamba mabaraza hayo hayakukosea. Mara nyingine ukali wake ulipita kiasi. Lakini tazameni jinsi yanavyokwenda. Mtu aliyeshitakiwa husimama, na watu wote humtazama. Mwenye ng'ombe husema yake, na mshitakiwa husema yake. Wazee hawasikilizi maneno tu. Huitazama na mikono ya msemaji, na jinsi anavyotaja jina la baba yake, na lile analoliruka asiliseme. Mkutano wote hutafuta kujua jambo moja: mtu huyu ni mtu wa namna gani? Hakika hapa pana mchezo wa kuigiza kabla ya kalamu na karatasi, tofauti yake ikiwa kwamba ng'ombe ni wa kweli na adhabu ni ya kweli.

Tena, jioni, bibi zetu walitusimulia hadithi za wanyama. Sungura ni mjanja tangu mwanzo hata mwisho. Fisi ni mlafi jana, leo na kesho. Hadithi hizo ni nzuri, nazo zimetulea. Lakini fisi hapewi zamu ya kujieleza. Hatumwulizi kama ana watoto wenye njaa pangoni. Hadithi hutaka fisi awe mlafi ili mtoto asiwe mlafi, basi. Kwa hiyo tangu kale tulikuwa na njia mbili za kumwonyesha mtu: njia ya hadithi, ambayo humpa kila mmoja tabia moja kama vazi, na njia ya baraza, ambayo humwacha mtu asimame, ajieleze, na pengine ajiumbue mwenyewe. Historia ya mchezo wa kuigiza wa Kiswahili ni historia ya safari kutoka njia ya kwanza kwenda njia ya pili.

Michezo ya kwanza iliyoenea shuleni na mijini katika siku za ukoloni ilifuata njia ya hadithi. Kulikuwa na vichekesho, ambavyo mara nyingi havikuandikwa. Wachezaji walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akajitungia maneno yake. Watu wake walikuwa mlevi, mjinga, mwenye choyo, na mshamba aliyekuja mjini asijue njia. Shule za misheni nazo zilicheza visa vya Biblia na mafundisho ya tabia njema, na humo mwema alikuwa mwema kabisa, na mwovu aliingia akiwa amekunja uso.

Katika nchi jirani ya Kenya, mwaka 1957, vilitolewa vitabu vidogo vya michezo ya Kiswahili. Mwingereza Graham Hyslop alitoa Mgeni Karibu na Afadhali Mchawi. Mwaka huohuo ulitoka Nakupenda Lakini, mchezo wa Henry Kuria, ambaye aliuandika alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Alliance. Tusimpite kijana huyu bila kumkumbuka. Wanafunzi wanaotusikiliza na wajue kwamba mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya Kiswahili iliyochapwa ulitoka katika kalamu ya mwanafunzi, si ya profesa.

Sasa tumefika kwa mtu wa kwetu. Katika mkoa huu wa Mara, kijijini Butiama, alizaliwa mwaka 1922 Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akaenda Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh, akawa mwalimu, na mwaka 1962 akawa Rais wa Tanganyika. Mwaka uliofuata, 1963, ilitoka tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Baadaye aliisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 aliutoa pia Mabepari wa Venisi. Fikirini kidogo. Mtawala wa nchi changa akafasiri mchezo ambao ndani yake mtawala anauawa na rafiki zake, nao wanajiona wamefanya haki.

Mchezo huo ulikuwa na umri mkubwa ulipofika kwetu. Shakespeare alikitoa kisa katika maisha ya wakuu yaliyoandikwa na Myunani Plutarch, yakafasiriwa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Mwaka 1599 mgeni mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliuona ukichezwa London. Hivyo kisa kilitoka kwa Wayunani, kikaenda Uingereza, kikafika Kiswahilini kwa mkono wa mtoto wa Butiama. Kilikuwa kisa cha watu wa mbali, lakini ndani yake mna jambo ambalo mtu wa Mara hulitambua mara moja: mna iritongo.

Caesar amekwisha kuuawa. Maiti yake yaletwa mahali pa mkutano. Brutus, mmoja wa waliomuua, asimama mbele ya umati na kueleza sababu yake. Sababu hiyo si ya kipumbavu. Alimpenda Caesar, lakini aliipenda nchi yake zaidi, naye aliogopa kwamba mtu mmoja angekuwa mfalme na wengine wote wakawa watumwa. Umati wamkubali. Kisha Brutus afanya kosa ambalo mzee yeyote wa Tarime angelikemea: amruhusu Antony, rafiki wa marehemu, aseme baada yake, naye mwenyewe aondoka barazani asisubiri kusikia. Antony awaonyesha watu vazi lililotobolewa na visu. Ataja wasia wa marehemu. Na umati uleule uliomshangilia Brutus watoka kwenda kuchoma nyumba. Anayeondoka barazani kabla ya mwisho ameiacha kesi yake mikononi mwa adui.

Tulipousoma mchezo huu na wanafunzi wetu wa ualimu tuliwauliza: nani mbaya? Darasa likagawanyika kama umati wa Roma. Wengine walimtetea Brutus, wengine Antony. Wachache walimwonea huruma hata Cassius, ambaye uchochezi wake wote watoka katika wivu. Hakuna aliyesema, “Sijui, wala hainihusu.” Hiyo ndiyo alama ya wahusika walio hai. Mwandishi hakutuambia tumchukie nani. Alimpa kila mmoja zamu yake, akatuachia sisi hukumu.

Tazameni pia vitu vidogo. Katika mchezo huo Caesar, ambaye dunia nzima yamwogopa, ana sikio moja lisilosikia, naye humwomba rafiki yake ahamie upande wa pili. Na Brutus, akiwa kambini usiku kabla ya vita vya mwisho, amtaka mtumishi wake mdogo ampigie kinanda cha nyuzi. Mtoto asinzia akiwa na kinanda mikononi. Brutus hamwamshi, akitwaa taratibu kile kinanda kisije kikavunjika. Mtu huyu ameua. Mtu huyuhuyu hataki kumkatiza mtoto usingizi. Sisi tuliokulia karibu na wapiga litungu, ala yetu kubwa ya nyuzi nane, twajua uzito wa tendo hilo dogo: asiyetaka kinanda kivunjike hana moyo wa jiwe.

Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi Uyunani zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alilisema jambo hili mapema. Alifundisha kwamba anayetutia huruma na hofu katika mchezo si mtu mwema kupita wote, wala si mwovu kabisa, bali ni yule aliye katikati, anayeanguka kwa kosa fulani. Akianguka mwovu mtupu twafurahi tu; akiangushwa mtakatifu twachukizwa. Lakini akianguka mtu aliye kama sisi, twajishika kifua.

Mwaka huohuo wa 1969 ilipotoka Juliasi Kaizari, ulitokea mchezo wa pili tunaotaka kuwaeleza, nao haukufasiriwa, bali ulitungwa kwa Kiswahili juu ya historia ya nchi yetu wenyewe. Ni Kinjeketile, wa Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Historia yenyewe yajulikana. Mwaka 1904, huko Ngarambe, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alianza kutoa maji ambayo, alisema, yangewalinda watu na risasi za Wadachi. Makabila yaliyokuwa mbalimbali yakaunganishwa na imani hiyo. Mwishoni mwa Julai 1905 vita vikaanza katika nchi ya Wamatumbi kwa kung'oa pamba. Tarehe 4 Agosti 1905 Wadachi wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro, na vita vikaendelea bila yeye hata mwaka 1907. Maji hayakuzuia risasi. Njaa iliyofuata iliua watu wengi mno.

Mwandishi mwingine angeweza kumfanya Kinjeketile kuwa shujaa asiye na doa, maana nchi ilikuwa imepata uhuru miaka minane tu iliyopita, na watu walitaka mashujaa. Mwingine angemfanya mwongo aliyewapeleka watu mautini. Hussein hakufanya hili wala lile. Katika dibaji yake alieleza wazi kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia. Ni mtu aliyeumbwa na fikira. Hata jina likawa na herufi tofauti kidogo. Kisha akamtia mtu wake katika shida kubwa. Kinjeketile wa mchezo aamini kweli kwamba amepewa ujumbe. Watu waungana kwa ajili yake. Kisha yeye mwenyewe aanza kuona shaka. Lakini neno limekwisha kutoka kinywani, limekuwa na nguvu kuliko msemaji. Akisema, “Msiende,” umoja utavunjika. Akinyamaza, watu watakufa.

Penye shida hiyo yupo Kitunda, mwenye akili ya vita, anayetaka watu wafundishwe kupigana, wasiyategemee maji peke yake. Wala mchezo hauanzi na vita. Waanza na wanawake wanaozungumza juu ya njaa, maana waume zao hulazimishwa kulima shamba la Mdachi huku mashamba yao yakiwa na magugu. Hivyo kabla hatujaona bunduki hata moja tumekwisha kuelewa kwa nini mtu mwenye busara angeweza kuyaamini maji. Mwenye njaa na aibu hulishika tumaini lililo karibu.

Mwishoni Kinjeketile yu kifungoni, na ataka kuuawa. Aambiwa kwamba akikiri kuwa maji yalikuwa uongo, ataokoka na mateso. Yeye mwenyewe haamini tena nguvu ya maji. Hata hivyo akataa kukiri. Kwa kuwa akikiri, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba baba zao walipigania uongo, nao hawatathubutu kusimama tena. Je, alifanya vema? Tumeuliza swali hili darasani miaka mingi, wala hatujapata jibu moja. Kama tungelipata, mchezo ungekuwa umekufa.

Baada ya Hussein walikuja wengine. Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Penina Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972, na Nguzo Mama mwaka 1982. Katika Nguzo Mama wanawake wa kijiji wajaribu kuisimamisha nguzo iliyoanguka, nao waitwa kwa hesabu tu, Bi Moja hata Bi Nane. Hapa pana fundisho la namna yake. Jina kubwa silo linalompa mhusika uhai. Hata aitwaye kwa hesabu aweza kuwa mtu, iwapo ana mzigo wake wa nyumbani unaomzuia asiishike nguzo kwa mikono miwili.

Wengi wetu hata hivyo hatukusoma vitabu hivi, tulisikiliza redio. Wazee wetu wawakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, wajanja wawili waliotoka katika methali isemayo pwagu hupata pwaguzi. Hao walikuwa ndugu wa sungura na fisi: walituchekesha sana, wala hawakubadilika. Lakini mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo mrefu uitwao Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na ugonjwa wa UKIMWI. Humo alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju. Katika kila kituo cha safari alikuwa na mwanamke, naye alijiona hodari. Mkewe, Tunu, aliyekuwa akivumilia kimya, hatimaye aliamua kujitafutia riziki mwenyewe.

Watungaji walifuata njia iliyobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico katika miaka ya 1970. Katika njia hiyo mchezo huwa na watu wa namna tatu: mwenye mwenendo mwema, mwenye mwenendo mbaya, na wa tatu anayeyumba kati ya hao wawili. Huyo wa tatu ndiye msikilizaji humfuata, maana ndiye afananaye naye. Tena jambo hili halikuachwa kuwa maneno tu. Kwa miaka miwili, 1993 hata 1995, mchezo huo haukutangazwa Dodoma, ili wachunguzi waweze kulinganisha. Waliona kwamba mahali uliposikika watu wengi zaidi walianza kupanga uzazi kuliko Dodoma. Mtu wa kubuniwa, asiye na mwili wala kaburi, aliwafanya watu wa kweli wabadili mwenendo wa nyumba zao. Basi kuumba mhusika si mchezo wa watoto.

Haya yote yatufikisha kwenye jambo lililotusukuma kusema nanyi leo. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, katika nchi ya Wasukuma, wakakaa na wanakijiji. Wanakijiji wenyewe walisema tatizo lao, nalo lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Wakalitungia ngoma na maigizo yao, wakayacheza mbele ya wenzao, kisha wakajadiliana. Tangu hapo njia hiyo imetumiwa mahali pengi, na kwetu Tarime na Serengeti hutumiwa hasa juu ya ukeketaji wa watoto wa kike. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, shule zinapofungwa mwezi Desemba, wapo wasichana wanaotoroka kwao usiku kwenda kutafuta hifadhi. Mjini Mugumu nyumba ya kuwahifadhi ilifunguliwa mwaka 2014.

Miaka michache iliyopita wanafunzi wetu wa ualimu walitunga mchezo juu ya jambo hili, wakaupeleka katika kijiji kimoja. Nasi tuliwasaidia, kwa hiyo kosa tutakaloeleza ni letu pia. Ngariba wa mchezo ule alipakwa majivu usoni. Aliingia akicheka kama fisi, akinoa kisu. Baba alikuwa mlevi mwenye tamaa ya ng'ombe wa mahari. Msichana alilia tangu mwanzo hata mwisho. Wanafunzi walidhani watu watatetemeka. Watu walicheka. Wazee waliokuwa mbele waliondoka mmoja mmoja, na wanawake wakaanza kuzungumza habari za soko. Tulirudi na aibu.

Kabla hatujapanda gari, bibi mmoja alitujia. Alisema kwa upole, “Wanangu, yule mliyemcheza simjui. Mimi nimeifanya kazi ile miaka mingi. Sikuwahi kucheka. Nilikuwa na wajukuu wanne, baba yao amekufa, na kila msimu nililipwa. Tena mama zao ndio walionileta watoto, wakinishukuru.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, “Yupo mmoja ambaye damu yake haikukoma. Huyo hamkumweka.”

Hatukujua la kumjibu. Usiku ule wanafunzi waliurarua mchezo wao, wakaanza upya. Ngariba wa pili hakupakwa majivu. Alikuwa bibi mwenye wajukuu, anayedaiwa ada ya shule. Baba hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa heshima anayeogopa kwamba binti asiyekeketwa atadharauliwa na wenzake, hataolewa, na yeye mwenyewe hatasikilizwa tena mbele ya wazee wa mila. Mama alimpenda bintiye, na kwa sababu ya upendo huo alimshika mkono ampeleke. Na bibi yule ngariba, kisu kikiwa tayari, alimkumbuka mtoto ambaye damu yake haikukoma. Mchezo ukaishia hapo, amesimama, hajasema neno.

Waliucheza tena katika kijiji kilekile. Safari hii hakuna aliyecheka. Ulipokwisha, palikuwa na kimya kirefu; kisha mzee mmoja akasimama kumtetea yule baba, na mwanamke akasimama kumpinga yule mzee, na mabishano yakaendelea hata jua likazama. Hatutawaambia kwamba kijiji kizima kiliacha desturi ile siku ile. Hayo yangekuwa maneno ya mchezo wa kwanza. Twasema tu kwamba mara ya kwanza watu waliondoka wakiwa wametucheka sisi, na mara ya pili walibaki wakisemezana wao kwa wao.

Wapo waliotuuliza, “Je, mkimpa ngariba sababu nzuri hivyo, hamumtetei?” Swali hili ni la haki. Sisi twaamini kinyume chake. Ukimwonyesha mtenda mabaya kama jini, mtenda mabaya aliyeketi mbele yako hujisemea moyoni, “Mimi si jini, basi maneno haya si yangu.” Humpa njia ya kutokea. Lakini ukimwonyesha mtu mwenye wajukuu, mwenye deni, mwenye kushukuriwa na jirani, huyo aliyeketi hana pa kukimbilia. Amejiona. Kumpa mtu zamu ya kusema si kumpa haki; hata barazani mwizi husikilizwa, kisha huhukumiwa. Na hukumu iliyotolewa baada ya kusikiliza ndiyo inayouma.

Basi, kwa wanafunzi na wote wanaotaka kutunga michezo shuleni na vijijini, twawaachia mambo manne. Kwanza, kabla hujaandika neno, mwulize kila mtu wa mchezo wako: unataka nini, na unaogopa nini? Asiyekuwa na jibu mwondoe. Pili, mpe kila mmoja, hasa yule usiyempenda, maneno bora kabisa ya kujitetea. Usimwibie akili ili umshinde kwa urahisi. Tatu, mweke penye njia panda, ambapo kila njia ina hasara yake, umwache achague mbele ya macho yetu. Maana tabia ya mtu haionekani anapokula, yaonekana anapochagua. Nne, mpe kitu kimoja kidogo cha kwake peke yake: sikio lisilosikia, kinanda asichotaka kivunjike, ada ya mjukuu. Vitu hivyo havipatikani vitabuni. Hupatikana kwa kusikiliza mnadani, kisimani, na barazani.

Twasikitika kwamba bibi yule hakuwahi kuuona mchezo wa pili. Alikuwa amesafiri kwa bintiye. Lakini alikuwa mwalimu wetu, naye alitufundisha somo zima la wahusika kwa maneno machache, akiwa amesimama kando ya gari, na mtungi wake wa maji kichwani.